Mshahara wa Mhudumu Hautoki Mfukoni mwa Mteja

Barua ya wazi kwa wenye baa, migahawa, hoteli na nyumba za wageni wa Manispaa ya Mpanda

Ndugu zangu,

Nawaandikia nyinyi kwanza, kabla ya Mkuu wa Mkoa, kabla ya Mkurugenzi wa Manispaa na kabla ya madiwani wetu, kwa sababu fedha ninayotaka kuizungumzia imo mikononi mwenu. Ni mshahara wa wahudumu: wale mabinti na vijana wanaotuletea wali na migebuka mchana, wanaotufungulia vinywaji jioni, wanaobaki wakifuta meza na kukusanya chupa wakati sisi tumeshalala. Ombi langu naliweka hapa mwanzoni ili hata anayesoma kwa haraka asilikose. Mlipeni mhudumu mshahara kamili unaotakiwa na sheria, kila mwezi, kutoka katika mapato ya biashara yenu. Bakshishi anayopewa na mteja iwe mali yake, juu ya mshahara huo.

Niliwahi kuifanya kazi hii hapahapa mjini nikiwa binti. Siku ya kuajiriwa niliambiwa, "Mshahara wetu ni mdogo, lakini hapa wateja wanatoa." Mabinti wanaoanza kazi leo Makanyagio, Majengo na Kashaulili wanaambiwa maneno hayohayo. Yanasemwa kwa upole, mara nyingi na mtu mwema, na anayeambiwa huyapokea kwa furaha kwa kuwa ana shida ya kazi. Lakini tutazame yanachobeba. Mwenye biashara anamwajiri mtu, kisha anamkabidhi kwa watu wengine wamlipe. Watu hao hawakusaini chochote. Wanaweza kutoa leo na kesho wasitoe, na hakuna wa kuwadai.

Na wateja wa Mpanda hutoa kwa msimu, kila mwenye biashara analijua hilo kuliko mimi. Mpunga ukishavunwa Mwamkulu, Kakese na kule Mpimbwe, mji unachangamka. Fedha za tumbaku zikitoka, meza zinajaa. Wachimbaji wa dhahabu wa Dirifu wakipata, wanaagiza bila kuuliza bei na chenji wanaiacha. Mwisho wa mwezi wanakuja watumishi. Kisha inakuja masika, barabara za vijijini zinaharibika, mkulima ameweka kila alichonacho shambani, na mhudumu anaweza kumaliza jioni nzima akiwa na shilingi 500 ya mteja mmoja aliyemhurumia. Mwenye chumba anachokipanga haji kumdai kodi kwa msimu. Mtoto wake haumwi homa kwa msimu.

Sheria haijaliacha jambo hili hewani. Tangu Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, Serikali hutoa amri ya kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na kundi la migahawa, nyumba za wageni na baa lina mstari wake. Amri ya mwaka 2013 iliweka shilingi 130,000 kwa mwezi kwa kundi hilo. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 5,000 kwa siku, na hiyo ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Amri ya mwaka 2022 ilikuja na viwango vipya kuanzia Januari 2023. Oktoba 2025 ikatangazwa nyingine, ya kuanza kutumika 1 Januari 2026, ambayo wastani wake kwa sekta binafsi nzima umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Wastani huo unajumuisha sekta zinazolipa vizuri kuliko yenu, kwa hiyo siutaji ili mtu aje kudai kiasi hicho kwenye baa ya mtaani. Nautaja ili kila mwenye biashara aitafute amri yenyewe, asome mstari unaomhusu, na ajipime mwenyewe.

Amri hizo zinapangwa kwa sekta. Hazina kiwango cha Dar es Salaam na kiwango cha Katavi. Nalisema hili kwa sababu nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba "hayo ni mambo ya mjini, huku kwetu pembezoni haiwezekani." Mpanda ni makao makuu ya mkoa tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Tuna manispaa, tuna lami ya kwenda Tabora, tuna bandari ya Karema iliyojengwa ziwani. Tumekuwa na kata nzima inayoitwa Mpanda Hoteli. Mji ambao hoteli imeupa jina la kata haupaswi kuwa mji ambao mhudumu wa hoteli hajui mshahara wake wa mwezi ujao ni kiasi gani.

Sasa tuhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku sita. Mhudumu anayeingia saa kumi jioni na kutoka saa saba usiku amefanya saa 9. Wengi wanafanya hivyo siku zote saba, na wengi hawana ile saa moja ya kula; wanakula wima, karibu na jiko, huku wakiitwa. Hizo ni saa 63 kwa wiki, yaani 18 zaidi ya saa za kawaida, au 72 kwa wiki nne. Sheria inaruhusu saa za ziada 50 tu kwa wiki nne, tena kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa inayofanywa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, na zaidi ya nusu ya kazi ya baa iko humo. Sijui ni mhudumu gani wa mtaani kwetu aliyewahi kuiona nyongeza hiyo.

Lakini jambo linaloniuma kuliko mshahara wenyewe ni shoti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama nyuma ya kaunta nitaeleza. Mhudumu akichukua bia kaunta, zinaandikwa kwa jina lake. Mteja akinywa nne, akaenda msalani na asirudi, hizo nne ni za mhudumu. Chupa ikivunjika, ni yake. Meza ya watu wanane wakibishana bili na kuondoka wakiwa wamelipa pungufu, pungufu ni lake. Hesabu ikifungwa usiku na ikawa haijatimia, analipa pale pale kutoka katika bakshishi yake, na isipotosha anaandikiwa, akatwe mwisho wa mwezi. Nimewaona wenzangu wakipokea bahasha ya mshahara yenye karatasi ya madeni na noti mbili. Hasara ya biashara, ambayo ni ya mwenye biashara kwa kuwa na faida ni yake, inashushwa kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote waliomo ndani ya jengo hilo.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara au uharibifu mpaka masharti yatimie. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maelezo ya maandishi ya sababu, kiasi na namna kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kweli ya kujitetea. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na hata yote hayo yakitimia, makato yasizidi robo ya malipo yake. Mteja aliyetoroka na bili si kosa la binti aliyekuwa anahudumia meza nyingine saba. Ni kazi ya mwenye baa kuweka mlinzi mlangoni, au kuweka utaratibu wa kulipa kabla ya kupewa kinywaji, na baa kadhaa hapa mjini zimeshafanya hivyo bila kupoteza wateja.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi mlio na mabinti wa kuwazaa.

Mhudumu ambaye mshahara wake hautoshi na anadaiwa shoti hawezi kumwambia mteja hapana. Huo ndio ubaya mkubwa kuliko wote wa kuifanya bakshishi iwe mshahara. Mteja anajua kwamba noti aliyoishika ndiyo chakula cha yule dada kesho. Basi anamshika mkono na haachii. Anamlazimisha akae mezani. Anamnunulia ofa asizotaka, na meneja anafurahi kwa kuwa ofa ni mauzo. Anamwambia atampa hela nzuri wakitoka pamoja. Binti anatabasamu kwa sababu kukunja uso ni kukosa kodi ya chumba. Kisha sisi wa mtaani, tukimwona amerudi alfajiri kwa bodaboda, tunasema wahudumu wa baa wana tabia mbaya. Tumemweka mahali ambapo heshima yake ina bei, halafu tunamlaumu kwa bei hiyo. Sheria ya kazi inauita unyanyasaji kazini aina ya ubaguzi na inaukataza. Lakini binti hawezi kuitumia sheria hiyo akiwa anamtegemea mnyanyasaji kwa mlo wake. Mlipeni kwanza, ndipo atakapopata sauti ya kukataa.

Kuna jambo jipya ambalo limewapunguzia wahudumu hata kile kidogo. Ni Lipa Namba. Mimi naipenda, inazuia wizi na inatuepusha na fedha chakavu. Zamani bili ikiwa 9,500 mteja alitoa noti ya 10,000 akasema, "Dada, baki nayo." Siku hizi anabonyeza 9,500 kamili, anaonyesha ujumbe, anaondoka. Ile chenji iliyokuwa inamfikisha mhudumu nyumbani kwa bodaboda usiku imepotea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Wapo wateja wanaoongeza elfu moja au mbili kwenye malipo wakidhani wamemwachia aliyewahudumia. Fedha hiyo inaingia kwenye namba ya biashara, na isipoandikwa mahali hamfikii. Nyinyi mnaiona kwenye hesabu zenu kila jioni: mauzo yanasema hivi, namba inasema zaidi. Ziada hiyo ina mwenyewe. Wekeni daftari kaunta, andikeni meza, mhudumu na kiasi, mpeni chake siku hiyohiyo.

Wateja nao wanisikie kidogo, ingawa barua hii si yao. Mkitaka kumpa mhudumu, mpeni mkononi, au muulizeni namba yake ya simu ya kutumiwa fedha, na mpeni kwa heshima bila kudai chochote. Wala msione haya kutoa kidogo.

Tukitoka mjini kuelekea kusini, pale Sitalike, tunafika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kiangazi, viboko wanapojazana kwenye madimbwi ya mto Katuma, wageni huja kutoka mbali na kulala kwenye kambi za humo. Katika kambi za watalii ni kawaida kuwa na sanduku moja la bakshishi. Mgeni anaacha fedha mwisho wa safari, na inagawanywa kwa wote: mpishi, mfua nguo, mlinzi, anayebeba maji, pamoja na yule anayeonekana mezani. Nautaja utaratibu huo kwa sababu mbili. Ya kwanza, unamkumbuka mtu wa jikoni. Kwenye baa zetu mchoma nyama na mkaanga chipsi wanaungua mikono usiku kucha na hawaonwi na mteja hata siku moja, na si haki bakshishi ya chakula kizuri iishie kwa aliyekibeba tu. Ya pili, sanduku hilo linaweza kufunguliwa mbele ya wafanyakazi wenyewe, bila bosi kuwa na fungu ndani yake. Wenye migahawa mikubwa hapa mjini wanaweza kuanza kesho. Kwenye kibanda chenye mhudumu mmoja na mpishi mmoja, waachieni wawili hao wapatane.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshapita njia hii kwa namna zote mbili. Marekani iliruhusu kwa sheria kwamba anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri pungufu ya wengine, na kiwango cha chini cha taifa kwa watu hao kimebaki dola 2.13 kwa saa tangu 1991. Kinachopungua kinatarajiwa kijazwe na wateja. Baadhi ya majimbo yao yamekataa na kudai mshahara kamili, na mabishano bado yanaendelea huko. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi 1 Oktoba 2024, inayomzuia mwajiri kubakiza hata senti ya bakshishi na kumtaka aigawe kwa haki na uwazi. Sisi Tanzania tuna msingi ulio bora kuliko ule wa Marekani, kwa kuwa amri zetu za mshahara hazimpunguzii mhudumu kiwango eti kwa sababu anapewa na wateja. Tunachofanya Mpanda ni kuufuata mtindo wa Marekani kimyakimya, bila sheria iliyoturuhusu.

Najua mzigo wenu. Najua miaka mliyoendesha majokofu kwa umeme wa majenereta uliokuwa ukikatika, bia zikichemka na nyama ikiharibika. Najua leseni, kodi ya pango, ushuru, na kreti zinazopanda bei bila taarifa. Baadhi yenu mlianza na sufuria mbili na jiko la mkaa, mkiitwa mama lishe, na kila tofali la jengo mlilo nalo leo lina jasho lenu. Siwaiti wanyonyaji. Lakini mshahara ni gharama ya biashara kama ilivyo kreti. Hakuna hata mmoja wenu anayemwambia mleta bia, "Niachie mzigo, wateja watakulipa wakijisikia." Kama bei ya sahani ya wali haiwezi kumlipa anayeipika na anayeileta, basi bei hiyo si sahihi, na ni bora sisi walaji tuongezewe kidogo tukijua inakwenda wapi. Mimi nitalipa. Naamini wengi watalipa.

Kuna vitu mnavyoweza kuvifanya sasa hivi. Mpeni kila mhudumu karatasi ya ajira yenye jina lake, kazi yake, saa zake na mshahara wake. Mkataba wa mdomo unawaumiza hata nyinyi: shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake, si wa mhudumu. Bandikeni ukutani, karibu na leseni, tangazo la haki za wafanyakazi ambalo kifungu cha 16 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinawataka mliweke mahali panapoonekana. Mwandikisheni mhudumu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Na anayefunga kazi usiku wa manane afikishwe kwake kwa gharama ya biashara. Bodaboda mmoja anayeaminika, anayelipwa kwa mwezi, anatosha kwa baa ya wahudumu watano.

Kwa Ofisi ya Kazi ninaomba ziara, tena za jioni, kwa kuwa mkija saa nne asubuhi mtawakuta wafagizi. Sheria inawapa maofisa kazi mamlaka ya kuingia, kukagua na kutoa amri ya utekelezaji. Kwa Manispaa ninaomba kwamba muda wa kuhuisha leseni za vileo na biashara utumike kuwagawia wenye biashara mstari wa kima cha chini unaowahusu, umeandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na hifadhi, kisiishie kwenye kambi za watalii na hoteli zenye ghorofa. Waje Makanyagio jioni moja, kabla wateja hawajajaa, wakae na wahudumu.

Na kwenu wahudumu, wadogo zangu. Andikeni kila siku mliyofanya kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, na kila shoti mliyokatwa, hata kwenye daftari la shule la mtoto. Mkidhulumiwa mshahara, mna siku 60 za kufungua shauri kwenye Tume. Mkifukuzwa bila haki, mna siku 30. Siku hizo zinakwisha haraka kwa mtu anayehangaika kutafuta kazi nyingine, kwa hiyo msingoje kupoa.

Ndugu wenye baa na migahawa, msimu wa mpunga mwingine utakuja na meza zitajaa tena. Kabla haujafika, itaneni pale mnapokutana kuzungumzia ushuru na bei za vinywaji, na wekeni mambo mawili kwenye ajenda: kiwango cha amri, na kufutwa kwa shoti za wateja waliotoroka. Mkikubaliana wote kwa pamoja, hakuna atakayeogopa kwamba jirani yake atauza kwa bei ya chini kwa kuwa hawalipi watu wake. Nitakuja nikialikwa, na nitakuja na wahudumu watakaokuwa tayari kuzungumza mbele yenu kwa majina yao, kwa sharti kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa kusema.

Wenu katika ujenzi wa mji wetu,

Mkazi wa Makanyagio, Mpanda

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Katavi, Mkurugenzi wa Manispaa ya Mpanda, Waheshimiwa Madiwani, Afisa Kazi, Mkoa wa Katavi, CHODAWU